Abdulwahid Sykes: mtoto wa Gerezani aliyekuwa katibu wa makuli wa bandari

Kila mwaka vijana wengi hutoka vijijini kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na wengi huanzia Kariakoo na mitaa ya jirani kama Mnazi Mmoja na Gerezani. Wengine hubeba mizigo, wengine husukuma mikokoteni, wengine huchanganya zege kwenye majengo yanayopanda ghorofa baada ya ghorofa. Nyumbani kijijini wazazi husubiri simu. Siku simu inapoleta habari kwamba kijana ameumia kazini, swali la kwanza ni kama yu hai. Maswali mengine huja baadaye: nani atalipa hospitali? Akibaki na ulemavu, atakula nini? Akifa, watoto wake watasomeshwa na nani?

Jibu la maswali hayo hutegemea sana jambo moja ambalo wengi hulidharau. Je, ajali hiyo iliandikishwa? Mwajiri aliitolea taarifa kwa mamlaka, au iliishia midomoni mwa watu?

Haki hii haikushuka kutoka mbinguni. Ina historia, na sehemu ya historia hiyo iko katika mitaa hiyo hiyo ya Kariakoo. Makala hii inasimulia maisha ya Abdulwahid Sykes, mtu anayefahamika zaidi kama mmoja wa waasisi wa TANU. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya siasa kubwa za uhuru alikuwa katibu wa chama cha makuli wa bandari, watu waliokuwa wakiumia kazini huku majina yao hayajulikani hata kwa waliowaajiri.

Mtaa uliopewa jina na wapagazi

Tuanze na jina la Kariakoo lenyewe. Limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyokuwa jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yaani Carrier Corps. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa katika eneo hilo. Watu wa mji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo.

Wapagazi hao walibeba risasi, chakula na majeruhi kwa miguu, kutoka pwani hadi bara. Makadirio ya waliokufa upande wa Waingereza peke yao yanafika karibu 100,000, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Wengi hawakuandikwa vizuri. Majina yalikosewa, vijiji havikutajwa, na jamaa hawakujulikana. Vita ilipokwisha, mishahara ya maelfu ya marehemu haikufika kwa wajane na watoto wao, kwa sababu hapakuwa na kumbukumbu ya kuonyesha nani alikuwa nani.

Kwa hiyo soko kubwa kuliko yote nchini lina jina la watu waliokufa kazini na hesabu yao ikapotea.

Babu, baba na mwana

Abdulwahid alizaliwa Gerezani, Dar es Salaam, tarehe 1 Desemba 1924. Babu yake, Sykes Mbuwane, alitoka kusini, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Aliletwa na Wajerumani kama askari katika jeshi la Hermann von Wissmann, walipokuwa wakipigana na wenyeji wa pwani na bara. Kwa simulizi za ukoo wao, mzee huyo alikufa maji akivuka mto Ruaha, akirudi kutoka vita dhidi ya Mkwawa wa Wahehe. Aliacha mtoto mchanga aliyezaliwa Pangani mwaka 1894.

Mtoto huyo ndiye Kleist Sykes, baba yake Abdulwahid. Alilelewa na askari mwenzake marehemu baba yake, Affande Plantan. Huo ndio uliokuwa mfuko wa fidia wa siku zile: mtu akifa kazini, mtoto wake husubiri huruma ya rafiki wa baba. Rafiki akiwa mwema, mtoto hupona. Akikosekana rafiki, mtoto hupotea.

Kleist alisoma, akawa askari wa Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck katika Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye akafanya kazi katika shirika la reli chini ya Waingereza. Alikuwa mtu wa vyama. Mwaka 1929 alikuwa katibu mwasisi wa African Association, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1933 alishiriki kuasisi Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chama kilichojenga shule ya Waislamu mjini. Nyumba ya African Association ilijengwa Mtaa wa New Street, ambao leo unaitwa Lumumba, pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja.

Abdulwahid alikulia katika nyumba ambayo baba alikuwa akiandika barua, kumbukumbu za mikutano na orodha za wanachama. Wadogo zake, Ally na Abbas, walikulia humo humo. Mtoto akiona baba yake kila jioni ana kalamu na daftari, hujifunza kwamba jambo likiandikwa huwa na nguvu kuliko likisemwa tu barazani.

Burma, kisha kurudi nyumbani

Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, Abdulwahid na mdogo wake Ally waliingia jeshi la King's African Rifles, lililojulikana kwa kifupi kama KAR. Walipelekwa mbali, hadi Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar, kupigana na Wajapani. Maelfu ya vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walikwenda huko.

Jeshini vijana hao waliona jambo ambalo hawakulizoea katika kazi za uraiani. Kila askari alikuwa na namba. Aliyejeruhiwa aliandikwa, na aliyekufa aliandikwa. Ubaguzi ulikuwepo, na malipo ya Mwafrika yalikuwa madogo kuliko ya Mzungu, lakini mtu hakupotea bila kuulizwa. Waliporudi nyumbani vita ilipokwisha, wengi wao hawakukubali tena kutendewa kama watu wasio na jina. Katika askari hao waliorudi ndimo lilimotoka kundi kubwa la viongozi wa vyama vya wafanyakazi na vya siasa.

Bandari ya makuli

Ili kuelewa kazi aliyoichukua Abdulwahid, ni lazima kuijua bandari ya Dar es Salaam ya miaka ya 1940. Wakati huo meli kubwa hazikufunga gati. Magati ya maji marefu yalifunguliwa mwaka 1956. Kabla ya hapo meli zilitia nanga katikati ya bandari, na mizigo ilishushwa kwa winchi kwenye matishali, kisha matishali yakavutwa hadi ufukweni. Pale makuli wengine waliishusha tena kwa mabega.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kila hatua. Makuli walishuka ndani ya tumbo la meli, gizani na kwenye joto, wakafunga kamba kwenye robota za mkonge na magunia ya kahawa. Winchi ikivuta, mzigo hupita juu ya vichwa vyao. Kamba ikikatika, aliye chini hana pa kukimbilia. Ubao wa kuvukia ukiteleza, mtu huangukia kati ya meli na tishali.

Wengi wa makuli hao walikuwa vibarua. Neno kibarua lenyewe lina historia. Ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya siku ili aonyeshe kwamba amefanya kazi na anastahili malipo. Karatasi hiyo ilithibitisha siku moja tu. Kesho yake alisimama tena na wenzake akisubiri kuchaguliwa. Aliyeumia jana hakuchaguliwa leo. Msimamizi hakuwa na sababu ya kumuuliza yuko wapi, kwa kuwa mwingine alikuwa tayari amesimama mahali pake.

Wengi wao hawakuwa wenyeji wa mji. Walitoka Uzaramo, Rufiji, Morogoro, Songea na kwingineko. Aliyeumia alirudishwa kijijini kwa michango ya wenzake, na huko aliugulia kimya kimya. Kwenye vitabu vya kampuni ajali hiyo ilikuwa kama haikutokea.

Makuli hawakukaa kimya. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Septemba 1947 ulizuka mgomo mkubwa kuliko yote. Ulianzia bandarini, ukawafikia wafanyakazi wa reli, ukasambaa kufuata Reli ya Kati hadi miji ya bara. Mwaka huo huo, mwezi Januari, Mombasa nayo ilikuwa imesimama kwa mgomo. Mwaka uliofuata, 1948, ilikuwa zamu ya Zanzibar, na huko pia chanzo kilikuwa bandari. Pwani yote ya Afrika Mashariki ilikuwa ikisema neno moja.

Mgomo wa Dar es Salaam ulileta nyongeza ya mshahara. Ulileta pia chama cha wafanyakazi wa bandari kilichoandikishwa kisheria. Chama hicho kilihitaji katibu anayejua kusoma na kuandika Kiingereza, anayeweza kukaa meza moja na wakubwa wa kampuni bila kutetemeka, na ambaye makuli wenyewe wanamwamini. Mwaka 1948 kazi hiyo ilishikwa na Abdulwahid Sykes. Alikuwa hajatimiza miaka 24.

Kazi ya katibu

Watu wakisikia chama cha wafanyakazi hufikiria mgomo na maandamano. Lakini kazi ya katibu kila siku ni ndogo ndogo na haina shangwe. Ni kusikiliza malalamiko, kuyaandika, kuyapeleka kwa mwajiri au kwa ofisi ya kazi ya serikali, na kufuatilia majibu.

Kwa kibarua wa bandari huo ulikuwa mlango mpya. Kabla ya hapo, mwenye shida alikwenda peke yake kwa msimamizi yule yule aliyekuwa na uwezo wa kumnyima kazi kesho yake. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilimweka mfanyakazi chini sana, kiasi kwamba kuacha kazi bila ruhusa lingeweza kuwa kosa la jinai. Mtu mmoja mbele ya sheria kama hiyo hana sauti. Chama chenye katibu, muhuri na orodha ya wanachama kina sauti, na kampuni hulazimika kujibu barua yake.

Wakati huo dunia nayo ilikuwa ikibadilika. Julai 1947, miezi miwili kabla ya mgomo wa Dar es Salaam, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha huko Geneva mkataba namba 81 kuhusu ukaguzi wa kazi. Mkataba huo unataka wakaguzi wa serikali wapewe taarifa za ajali za kazini na magonjwa yatokanayo na kazi. Sababu yake ni rahisi. Mkaguzi asiyepewa taarifa hawezi kujua winchi ipi ni mbovu, na winchi iliyoua mtu jana itaua mwingine leo.

Tanganyika nayo ilipata sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940, na mwaka 1950 ikapata sheria ya viwanda iliyohusu usalama wa mahali pa kazi. Migomo ya makuli ilikuwa imeonyesha kwamba wafanyakazi wa Kiafrika hawawezi kuendelea kupuuzwa.

Chama cha makuli hakikudumu. Februari 1950 bandari iligoma tena. Safari hii mgomo uligeuka ghasia mitaani, polisi walitumia nguvu, na baadaye chama kikavunjwa na mali yake ikachukuliwa. Makuli walirudi kuwa mtu mmoja mmoja. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya wafanyakazi wa Tanganyika kujikusanya upya. Mwaka 1955 liliundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, katibu mkuu wake akiwa Rashidi Mfaume Kawawa.

Kutoka bandarini hadi sokoni na kwenye siasa

Ukatibu wa Abdulwahid bandarini haukuwa wa muda mrefu. Baba yake, Kleist, alifariki mwaka 1949. Mwaka 1950 Abdulwahid alikuwa katibu wa Tanganyika African Association, TAA, chama kilichotokana na kile alichoasisi baba yake. Rais wake alikuwa Dk. Vedasto Kyaruzi. Serikali ilipomhamisha Dk. Kyaruzi kutoka Dar es Salaam, Abdulwahid aliendelea kukishikilia chama.

Katika miaka hiyo alikuwa pia Market Master, yaani msimamizi wa soko la Kariakoo. Si hili soko la ghorofa tunaloliona leo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970. Lilikuwa soko la zamani, lililoachwa na Wajerumani, likatumiwa na wapagazi wa vita, kisha likawa soko mwaka 1923. Abdulwahid akawa msimamizi wa mahali palipobeba jina la wapagazi wale wale waliosahauliwa. Wakulima walileta mazao, wachukuzi walibeba, wachuuzi waliuza, na ofisi yake ilikuwa mahali pa watu kukutana na kuzungumza mambo ya nchi.

Mwaka 1952 Joseph Kasella Bantu alimpeleka kwake mwalimu kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Scotland. Jina lake Julius Nyerere. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, ulifanyika uchaguzi wa TAA. Nyerere alichaguliwa rais, Abdulwahid makamu wake. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ya New Street, watu 17 waliigeuza TAA kuwa TANU. Abdulwahid na mdogo wake Ally walikuwa miongoni mwao.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, Abdulwahid hakuwa miongoni mwa mawaziri. Alifariki Dar es Salaam tarehe 12 Oktoba 1968, akiwa na miaka 43, akazikwa makaburi ya Kisutu. Maisha ya baba yake yaliandikwa na bintiye Abdulwahid, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1973. Maisha yake mwenyewe yaliandikwa na Mohamed Said katika kitabu kilichotoka mwaka 1998. Ukoo huu ulitunza karatasi zake. Ndiyo maana leo tunaweza kuwasimulia, wakati makuli wengi waliofanya naye kazi hatuwajui hata kwa majina.

Sheria imefika wapi leo

Zaidi ya miaka 70 baada ya mgomo wa makuli, mfanyakazi wa Tanzania Bara ana kinga ambazo kibarua wa mwaka 1947 hakuwa nazo.

Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mwajiri anatakiwa kuisajili sehemu yake ya kazi, kuifanya iwe salama, na kutoa taarifa ajali inapotokea. Wakaguzi wa OSHA wana mamlaka ya kuingia, kukagua na kuchukua hatua.

Kuna pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Sheria hiyo ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao ulianza kazi mwaka 2015. Michango ya mfuko huu hulipwa na mwajiri. Haikatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mfanyakazi akiumia, akiugua kwa sababu ya kazi au akifa kazini, mfuko hugharimia matibabu, hulipa kwa muda ambao hawezi kufanya kazi, hulipa ulemavu wa kudumu, husaidia mazishi, na hulipa wategemezi wake. Zanzibar ina sheria na taasisi zake kwa mambo haya.

Mwaka 2022 ILO iliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi duniani. Na kila tarehe 28 Aprili huadhimishwa siku ya usalama na afya mahali pa kazi.

Lakini hakuna sheria inayofanya kazi bila taarifa. Mfuko hauwezi kumlipa mtu ambaye haujui kwamba ameumia.

Kariakoo bado inaumiza

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, karibu na barabara ya Morogoro, liliporomoka. Watu 36 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo kwenyewe, asubuhi ya siku ya biashara. Zaidi ya watu 20 walikufa na wengine wengi walitolewa kwenye kifusi. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza majengo ya eneo hilo.

Ajali kubwa kama hizo kila mtu huzisikia, redio hutangaza na viongozi hufika. Ajali ambazo hazisikiki ni zile za mmoja mmoja: fundi aliyeanguka kwenye jukwaa la miti, kijana aliyekatwa kidole na mashine ya kukereza, mpagazi aliyevunjika mgongo akishusha gunia kwenye lori. Mara nyingi mwajiri humpa aliyeumia pesa kidogo ya dawa na nauli ya kurudi kijijini, na habari huishia hapo. Familia hushukuru kwa pesa hiyo, bila kujua kwamba kwa kunyamaza imepoteza haki kubwa zaidi. Na mashine iliyokata kidole cha kijana huyo hubaki ikisubiri kidole cha mwingine.

Kuna tatizo jingine ambalo ni lazima lisemwe wazi. Mfuko wa fidia ni wa watu walioajiriwa. Mpagazi anayejitegemea, anayebebea mteja huyu sasa hivi na mwingine baadaye, hana mwajiri wa kumchangia. Kwa huyu njia iliyopo ni kujiunga na wenzake katika kikundi, na kujiwekea akiba kwa hiari, kwa mfano katika NSSF ambayo hupokea waliojiajiri. Makuli wa bandari nao walianza kwa kujikusanya.

Ukiumia kazini, au ndugu yako akiumia

Haya ndiyo mambo ya kukumbuka.

Kwanza, mwambie msimamizi au mwajiri mara moja, mbele ya shahidi. Ukiweza, mpe kwa maandishi au kwa ujumbe wa simu, kisha usiufute. Ujumbe huo una tarehe na saa yake.

Pili, nenda hospitali au zahanati na useme wazi kwamba umeumia kazini, ili mganga aandike hivyo. Usiseme umeanguka nyumbani kwa sababu umeombwa kumficha mtu. Neno hilo likishaandikwa ni vigumu kulifuta. Ikiwa ni ajali ya barabarani ukiwa kazini, au kuna kifo, polisi nao wapewe taarifa.

Tatu, tunza kila karatasi: cheti cha hospitali, risiti, kitambulisho cha kazi, mkataba kama upo. Kama mkataba haupo, tunza ujumbe wa malipo ya mshahara kwa simu. Andika majina ya wenzako waliokuwepo na mahali ajali ilipotokea.

Nne, uliza kama mwajiri ametoa taarifa OSHA na WCF. Sheria ya fidia inampa mwajiri siku 7 kutoa taarifa tangu alipojua kuhusu ajali. Akikaa kimya, usikae kimya nawe. Nenda mwenyewe, au tuma ndugu, kwenye ofisi ya WCF, ya OSHA au kwa afisa kazi. Kama una chama cha wafanyakazi, mwone kiongozi wa tawi.

Tano, usichelewe. Haki ya fidia ina ukomo wa muda. Mtu anayerudi kijijini kuugulia, akaja kudai baada ya miaka, hukuta mashahidi wametawanyika na muda umepita.

Na kwenu mnaobaki nyumbani: kijana anapoondoka kwenda mjini, muulizeni jina la mwajiri wake, mahali anapofanya kazi na namba ya mwenzake mmoja wa kazini. Yaandikeni mahali pasipopotea. Jamaa za wapagazi wa Kariakoo ya kwanza walikosa mishahara ya ndugu zao kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeandika majina yao na vijiji vyao.